Kezilahabi kutoka upande huu wa ziwa

Kitabu kilichowafundisha wengi kuhesabu mizani kiliandikwa na mtoto wa Ziwa Tanganyika. Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924. Alikuwa sheikh, meya wa Dar es Salaam, kisha waziri wa sheria, na mwaka 1954 alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Miaka 20 baadaye mtoto wa ziwa jingine, Euphrase Kezilahabi wa kisiwa cha Ukerewe, alitoa diwani iitwayo Kichomi, na mashairi yake mengi hayakuzifuata sheria hizo hata kidogo.

Mabishano yaliyofuata husimuliwa kama mvutano wa pwani na bara: huku wenye lugha wakilinda urithi wao, kule wageni wa lugha wakiubomoa. Simulizi hiyo ina ukweli ndani yake, maana watetezi wakali wa pwani walikuwepo na hoja zao zilikuwa nzito. Lakini ukiusoma mvutano huo ukiwa kwetu Uvira, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, simulizi haitoshi. Amri Abedi ni mtu wa Ujiji. Saadani Kandoro, mmoja wa walioupinga ushairi mpya kwa nguvu zote, naye ni mtoto wa Ujiji. Mathias Mnyampala, aliyeutumikia ushairi wa vina na kuanzisha ngonjera, alikuwa Mgogo wa Dodoma. Walinzi hawa wa sheria walikuwa wa bara kama alivyokuwa wa bara yule aliyeziacha. Kwa hiyo tunalotazama hapa ni watu wa bara wakiulizana wenyewe kwa wenyewe wafanye nini na lugha waliyoipokea, na swali hilo ni letu pia.

Kiswahili chetu kilipitia njia ile ile. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858 walikuja kwa mitumbwi kutoka Ujiji, na waliikuta Uvira ikiwa mwisho wa safari za wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili upande wa kaskazini. Lugha iliingia na misafara, ikabaki misafara ilipokwisha, na leo Mvira, Mfuliiru na Mbembe wanauziana ndagala kwa Kiswahili hicho kila asubuhi. Wengi wetu tuna lugha nyingine ya nyumbani. Kezilahabi pia: lugha aliyonyonya ni Kikerewe, na Kiswahili alikijia baadaye, akakichagua kuwa lugha ya kazi yake yote ya ubunifu.

Ili kuelewa alifanya nini, lazima kwanza tuone alichokiacha. Shairi la kimapokeo lililo la kawaida zaidi lina mishororo minne katika kila ubeti. Kila mshororo una mizani, yaani silabi, 16, nane kabla ya kituo cha katikati na nane baada yake. Sauti ya mwisho ya kila kipande inarudi katika mshororo unaofuata, na hivyo ndivyo vina. Nimetunga mishororo miwili ya mfano ili jambo lenyewe lionekane:

Mvuvi ameondoka, taa yake yaelea,
Mkewe ameamka, mtoto anamlea.

Hesabu kwa vidole: nane, nane, nane, nane. Vina vya kati ni -ka, vya mwisho ni -lea. Shairi la namna hii linashikika kichwani, linaimbika, na aliyelisikia mara mbili anaweza kulirudisha bila kitabu. Ndiyo sababu nasema Amri Abedi hakuandika mambo ya ovyo. Katika jamii ambayo mashairi huishi masikioni, kina ni ghala la kuhifadhia maneno.

Sasa nilichukue jambo lile lile na kuliandika bila vina:

Mvuvi kaondoka.
Taa
juu ya maji.
Nyumbani mtoto kaamka,
na mama
anahesabu mawimbi.

Hapa hakuna kina cha kukushika mkono. Neno «taa» limeachwa peke yake katika mshororo wake, na upweke huo unasema kitu ambacho mshororo wa mizani 16 ungelazimika kukieleza kwa maneno. Jicho linasimama pale mstari unapokatika. Anayesoma kwa sauti anapumua pale alipoambiwa apumue na hisia, wala si na hesabu. Mishororo hii ni yangu na haina ukubwa wowote, lakini inaonyesha mahali ambapo Kezilahabi alipeleka mzigo: aliuondoa kwenye kina, akauweka kwenye picha, kwenye ukimya na kwenye umbo la shairi juu ya ukurasa. Katika utangulizi wa Kichomi alieleza wazi kwamba anataka lugha ya kawaida, ile wanayoisema watu. Hakuwa peke yake. Ebrahim Hussein alikuwa ameshajaribu njia hiyo, na mwaka 1976 Mulokozi na Kahigi walitoa Malenga wa Bara. Lakini Kezilahabi ndiye aliyeifanya njia hiyo kuwa makazi, kutoka Kichomi hadi Karibu Ndani mwaka 1988 na Dhifa mwaka 2008.

Wapinzani walimwambia kwamba ameiga Wazungu. Shutuma hiyo haikuwa ya kipuuzi, kwani alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washairi wa Kiingereza wasiotumia vina walikuwa mbele yake. Jibu la wanamabadiliko lilikuwa hili: nendeni kwa Wakerewe, kwa Wahaya, kwa Wasukuma, mkasikilize nyimbo na sifa zao. Mizani 16 haimo. Vina vya kati havimo. Kuna mapigo, kuna kurudia, kuna picha juu ya picha. Kwa mtu wa bara, kuacha vina kunaweza kuwa kurudi kwao.

Jibu hilo nalikubali, na nadhani sisi wa Kivu tunalielewa upesi kuliko wengi. Mwaka 1969 Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene walichapisha utendi wa Mwindo kama ulivyosimuliwa na Candi Rureke, msimulizi wa Kinyanga kutoka Walikale. Katika utendi huo maelezo ya kawaida yanakatika ghafla na kuwa wimbo, kisha yanarudi. Mwindo anamfuata baba yake chini ya ardhi, anapambana na wenye nchi ya huko, anarudi akiwa mtu mwingine. Wakati haunyooki, na aliyekufa huweza kuinuka. Aliyekua na hadithi za aina hiyo hatakiwi kutishwa na mtu anayemwambia kwamba Nagona ni kitabu kigumu.

Lakini kabla ya Nagona kuna njia ndefu ya riwaya, na ni vizuri kuipita hata kwa haraka. Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, akasoma seminari ya Kikatoliki ya Nyegezi, kisha chuo kikuu, kisha akafundisha. Mwaka 1971, akiwa na miaka 27, alitoa Rosa Mistika, riwaya ya binti wa Ukerewe aliyelelewa kwa fimbo na baba mlevi na ambaye, akitoka nyumbani, hana hata silaha moja ya kujilinda na wanaume. Kitabu kilikatazwa shuleni kwa muda kwa sababu kinataja mambo ya mwili bila kuyafunika; baadaye kikawa kitabu cha kusomwa shuleni. Kichwamaji ya 1974 ina Kazimoto, kijana msomi asiyeona sababu ya kuishi, na hakuna riwaya ya Kiswahili kabla yake iliyolitazama swali hilo machoni namna ile. Dunia Uwanja wa Fujo na Gamba la Nyoka zinaingia katika siasa ya ujamaa, na ya pili, ya mwaka 1979, inaonyesha watu wakihamishwa kwa nguvu kwenda vijiji vipya. Riwaya hizi nne zina umbo linalofahamika: mwanzo, safari ya mhusika, anguko. Ujasiri wake umo katika mambo yanayosemwa.

Kisha akaenda Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, na mwaka 1985 akamaliza tasnifu ya udaktari kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Swali lake lilikuwa zito: tukitumia vyombo vya fikra vya Ulaya kuisoma fasihi yetu, tunaona fasihi yetu au tunaona vyombo vile? Wengine wangeishia kwenye tasnifu. Yeye alirudi nyumbani akaligeuza swali kuwa riwaya mbili fupi, Nagona ya mwaka 1990 na Mzingile ya mwaka 1991, kila moja chini ya kurasa 100.

Katika Nagona msimulizi anasafiri bila sisi kuambiwa ni wapi wala ni lini. Anapita mahali palipokufa, penye ukimya, anakutana na wanafikra wa Ulaya kama Socrates, Darwin, Marx na Nietzsche, na hakuna hata mmoja anayempa anachotafuta. Kuna paa anayesakwa msituni na hakamatiki. Kuna ngoma kuu. Mzingile inaendelea na njia zinazojirudia, mzee Kakulu, maangamizi, na baada ya maangamizi uwezekano wa kuanza upya. Wachambuzi wengi humwona yule paa kuwa ukweli, nami nawafuata. Ila naomba tusifanye kazi ya kufungua mafumbo tu, tukaandika pembeni ya ukurasa kwamba hiki maana yake hiki. Kezilahabi alikuwa akipinga tabia hiyo hasa. Msomaji anapotembea ndani ya Nagona bila ramani, kupotea kwake ni sehemu ya maana. Aliyemsikia bibi akisimulia jinsi mtu alivyoingia shimoni akatokea nchi nyingine hakuuliza shimo lilikuwa na urefu gani; alifuata.

Riwaya kama hizi huitwa za majaribio. Neno «majaribio» hutumika ovyo, kwa hiyo inafaa kuangalia mbali kidogo. Mwaka ule ule wa 1944, huko Vancouver, Kanada, alizaliwa bpNichol, mshairi na mwandishi wa riwaya aliyependa jina lake liandikwe kwa herufi ndogo. Alitunga mashairi ya kutazamwa kama picha, akaunda na wenzake kundi la kughani sauti zisizo maneno, na katika shairi lake refu, The Martyrology, alivunja maneno ya Kiingereza na kuvigeuza vipande vyake kuwa watakatifu wenye maisha yao. Alifariki mwaka 1988. Nichol aliifanyia majaribio lugha iliyoenea kila mahali, ambayo ilikuwa imemzunguka tangu kuzaliwa, na alichotafuta ni kuivua mazoea. Kezilahabi alikuwa na haja nyingine: kukifanya Kiswahili kibebe fikra ambazo watu walidai hakiwezi kuzibeba. Lugha ya Nagona ni nyepesi sana, sentensi ni fupi, msamiati ni wa mtu wa kawaida. Ugumu uko katika mpangilio na katika wazo. Mtu yeyote wa Kalundu au Kavimvira, hapa Uvira, atayaelewa maneno yake takriban yote, na hilo nalihesabu kuwa heshima kubwa kwa msomaji.

Hapo ndipo ninapoguswa zaidi. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba, huku Kifaransa kikiwa lugha rasmi. Kwa vitendo, mtoto wa Uvira huimba, huomba, hugombana na hucheka kwa Kiswahili, na anapofika kwenye fikra nzito anapewa Kifaransa. Vijana wetu wanaotunga mashairi mara nyingi wanatunga kwa Kifaransa. Siwalaumu, ndiyo lugha waliyoonyeshwa vitabu vyake. Lakini wengine wanaojaribu Kiswahili wanaogopa kwamba chao si cha Zanzibar, kwamba watasahihishwa, na hofu hiyo inawazuia kabla hawajaandika mstari wa kwanza. Kezilahabi aliitazama hofu ya namna hiyo akaendelea kuandika. Alisahihishwa, tena kwa maneno makali, na kazi zake zikabaki. Wamitila wa Kenya alipoandika Bina-Adamu! mwaka 2002, na Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar alipotoa Babu Alipofufuka mwaka 2001, mlango ulikuwa umeshafunguliwa, na aliyeufungua alitoka kisiwani Ukerewe.

Si bahati tu kwamba alitoka huko. Kisiwa hicho kilikuwa na Aniceti Kitereza, aliyeandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akaimaliza mwaka 1945, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikachapishwa mwaka 1980 tu. Kisiwa kimoja, waandishi wawili wa kimo hicho. Kitereza alianzia katika lugha ya nyumbani na kuivusha. Kezilahabi alianza moja kwa moja ng'ambo ya pili, lakini mizigo yake mingi ilitoka nyumbani.

Kezilahabi alifundisha Dar es Salaam, baadaye Botswana kwa miaka mingi, na akafariki Januari 2020. Mwaka 2015 mashairi yake teule yalitoka kwa Kiingereza kwa tafsiri ya Annmarie Drury, kwa jina la Stray Truths. Kwa hiyo msomaji wa Marekani anaweza kumpata kwa urahisi. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na bidhaa za Kigoma hushushwa bandarini Kalundu, lakini bado ni rahisi zaidi kupata saruji ya ng'ambo kuliko riwaya ya ng'ambo.

Atakayempata aanze na Rosa Mistika, maana inasomeka kwa usiku mmoja au miwili na inauma. Kichwamaji ifuate, kwa aliye na moyo mtulivu. Kichomi isomwe kwa sauti, shairi moja kwa siku, pamoja na mtu mwingine anayeweza kubisha. Nagona ibaki ya mwisho, na isomwe mara mbili mfululizo kabla ya kumuuliza yeyote maana yake.