Jani la Mgomba Ndani ya Spa za Makati

Mgeni anayeomba hilot, uchuaji wa jadi wa Kifilipino, katika spa za kifahari za Makati, jiji la mabenki na maghorofa ndani ya eneo la Metro Manila, asishangae mhudumu akiingia na kipande cha jani la mgomba. Jani hilo hupitishwa juu ya moto hadi lilainike, likapakwa mafuta ya nazi, kisha huburuzwa taratibu mgongoni. Likiteleza, hapana neno. Likinasa, hapo ndipo penye kazi.

Si mbwembwe za hoteli hizo. Wachuaji wa vijijini nchini Ufilipino, manghihilot, wamekuwa wakiupima mwili kwa jani tangu zamani. Kwao maradhi mengi hutokana na joto na baridi kukutana vibaya. Ipo lamig, vinundu vya misuli ambavyo husemwa ni baridi iliyoganda. Ipo pia pasma: mama aliyeshinda akipiga pasi hathubutu kunawa kwa maji baridi, asije akatetemeka mikono na kutokwa jasho viganjani. Vitabu vya udaktari haviutambui ugonjwa huo, lakini mwambie hivyo bibi wa Kifilipino uone kama atafungua bomba.

Manghihilot wa kijijini huanza kwa kuuliza na kupapasa. Ndiye humkanda mzazi baada ya kujifungua, ndiye huitwa mtoto akiteguka mguu, na wengi hawataji bei. Mgonjwa hutoa alichonacho. Spa huanza na orodha ya bei na dakika. Mafuta ni yaleyale, jani ni lilelile, ila ule upimaji, ambao ndio kiini cha tiba yenyewe, mara nyingi hubaki onyesho la dakika chache kabla ya masaji ya kawaida.

Serikali nayo imetia mkono. Sheria Namba 8423 ya mwaka 1997 iliunda taasisi ya kusimamia tiba asilia, na mamlaka ya mafunzo ya ufundi, TESDA, hutoa cheti cha hilot. Kijana asiye na bibi mchuaji sasa anaweza kuisomea kazi hiyo darasani.

Kutoka milima ya Cordillera, kaskazini mwa kisiwa cha Luzon, imeshuka mjini pia dagdagay, uchuaji ambapo nyayo husuguliwa kwa vijiti viwili vya mwanzi. Wenyeji waliitumia kutuliza miguu iliyochoshwa na kupanda na kushuka matuta ya mpunga. Mjini, vijiti hivyo vinamsubiri karani aliyekaa kitini kutwa nzima.