Umeme Ukikatika, Usifungue Friza

Umeme ukikatika jioni, wengi wetu hukimbilia kufungua friza kuangalia kama samaki wamebaki wameganda. Hapo ndipo hasara inapoanza. Friza iliyojaa na kuachwa imefungwa hutunza ubaridi kwa takribani saa 48; iliyojaa nusu, saa 24 hivi. Kinachoutunza si hewa ya ndani, bali vile vitu vilivyoganda, maana barafu hula joto jingi sana kabla haijaisha kuyeyuka. Kwa hiyo usiache nafasi tupu. Jaza maji kwenye chupa za plastiki, punguza kidogo juu kwa sababu maji yakiganda hutanuka, kisha uzipange humo. Kwenye mgawo wa umeme, chupa hizo ndizo betri yako.

Na umeme ukikatika hamko nyumbani, mtajuaje nyama ilipata nini? Gandisha maji kwenye kikombe, weka sarafu juu ya barafu, kiache humo siku zote. Mkirudi mkaikuta sarafu imezama hadi chini, basi kila kitu kiliyeyuka kikaganda upya. Nyama hiyo itupeni. Najua inauma, hasa kwa bei za sasa, lakini kuganda hakuui bakteria. Huwazuia tu wasizaliane, na joto likirudi huendelea walipoishia. Nyama ambayo bado ina chembe za barafu inaweza kugandishwa tena, ila itapungua utamu.

Umeme unaporudi, volti huweza kuyumba, na kompresa ikilazimishwa kuwaka kabla presha ya gesi haijatulia huweza kuungua. Friji gadi huichelewesha dakika chache hadi mambo yatulie. Nawasihi wanaonunua friza wanunue na friji gadi siku hiyohiyo, kwani gharama yake haifikii hata kidogo ile ya kompresa mpya, gesi na fundi.

Yako mambo mengine yanayomaliza luku polepole. Mpira wa mlango uliolegea ni mmojawapo: bana karatasi mlangoni, na ikichomoka bila kukaza, ubaridi unavuja. Barafu ya ukutani ikifika unene wa nusu sentimita, izime friza, weka beseni la maji ya moto ndani, funga, subiri. Kisu kaa nacho mbali kabisa, kwa maana mabomba ya gesi yamefichwa ndani ya ukuta huo, na likitobolewa moja, mara nyingi friza nzima imekwisha.

Friza nyingi za kulala hutoa joto kupitia ubavuni. Ndiyo maana ukizigusa huwa za moto. Ziache zipumue, zisibanwe ukutani. Kitambaa cha kufuma juu ya mfuniko hakina neno, lakini kile kinachoning'inia hadi chini kikunjwe, hata kama sebule itapungua urembo.