Mlezi wa Makao: Kazi Ambayo Vijana Wetu Hawajaifikiria

Kazi tunayotaka kuieleza mwezi huu haina jina moja lililokubaliwa na watu wote. Wengine humwita mwenye kuifanya mlezi, wengine matroni au patroni, na watoto wenyewe wakishamzoea humwita mama au baba. Ni kazi ya kukaa katika nyumba moja, usiku na mchana, na vijana ambao si wako. Wala si mayatima tu, kama wengi wadhanivyo. Wengi wao wana wazee walio hai, lakini wamefikwa na mambo mawili matatu kwa pamoja: huyu amepooza viungo na juu ya hayo ana kifafa, yule hasemi, na akikasirika hujing'ata mikono, na yule wa tatu hana ila yoyote ya mwili, lakini amekimbia kwao usiku na hathubutu kurudi.

Sisi tukaao hapa Buhemba twajua vijana wetu huota kazi gani. Dhahabu ya hapa ilianza kuchimbwa zama za wakoloni, na mvulana akimaliza shule ya msingi macho yake huwa mashimoni. Msichana asiyepata nafasi ya kuendelea na masomo huwapikia wachimbaji chakula, au hungoja posa. Ukimtajia mzee kazi ya ulezi, neno lake la kwanza ni hili: "Mwanangu nimemsomesha ili akaogeshe watoto wa watu?" Tumelisikia mara nyingi, nasi twaona lahitaji jawabu.

Natuanze na lililo karibu. Katika wilaya yetu ya Butiama, pale Kiabakari, na kwa jirani zetu wa Serengeti, pale Mugumu, pana nyumba za kuwahifadhi wasichana waliokimbia kukeketwa. Zaendeshwa na shirika la Hope for Girls and Women, lililoasisiwa mwaka 2017 na Bibi Rhobi Samwelly, ambaye amekwisha kusimulia hadharani kwamba naye alikeketwa alipokuwa msichana mdogo, nusura afe kwa kutokwa na damu. Sheria ya nchi imekataza jambo hili kwa msichana aliye chini ya miaka 18 tangu mwaka 1998. Hata hivyo, utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta kwamba katika mkoa wa Mara wanawake 28 kwa kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, ilhali kwa nchi nzima walikuwa 8 tu.

Msimu wake ni likizo ya Desemba. Hapo wasichana huja, wengine kwa miguu yao, wengine wakiletwa na polisi wa dawati la jinsia na watoto. Msomaji akidhani kwamba kazi imekwisha msichana akishafungiwa mlango na kupewa shuka, basi hajaijua kazi yenyewe. Msichana huyo amemkimbia baba aliyemlea na mama aliyemzaa. Awapenda, na awaogopa. Usiku hushtuka usingizini. Mwengine hukojoa kitandani na umri wake ni miaka 14, akaona haya hata kutoka nje. Mwengine hakai na wenziwe wala hali. Anayekuwako saa nane za usiku si hakimu wala si askari. Ni mlezi. Yeye ndiye wa kubadili shuka bila ya kusema neno mbele ya wengine, na ndiye wa kujua kuwa swali la kwa nini umekimbia haliulizwi siku ya kwanza. Baadaye huja mazungumzo na wazazi, na wakiahidi kwa maandishi kuwa hawatamgusa, msichana hurudi kwao. Asiyeweza kurudi hubaki, akaendelea na shule au akafundishwa kushona.

Makao mengi ya namna hii huku kwetu yalianzishwa na watu wa makanisa, na haki ni kuwasifu kwa hilo.

Twende sasa Shinyanga. Watu wenye ualbino walipoanza kuuawa na kukatwa viungo kwa wingi katika mikoa ya ziwa, kuanzia miaka ya 2006 na 2007, Serikali iliwakusanya watoto katika shule za bweni ili kuwahifadhi. Miongoni mwa shule hizo ni Buhangija ya Shinyanga na Mitindo ya Misungwi. Watoto walifika kwa mamia, na baadhi yao hawakutimia hata umri wa kuanza darasa la kwanza. Walikaa pamoja na wenzao wasioona na wasiosikia. Ukuta uliwalinda na panga, na kwa hilo tunashukuru. Lakini ukuta haumpaki mtoto mafuta ya kuzuia jua, wala haumwambii mama yake yuko wapi. Wazazi wengine walikoma kuja. Mwalimu aliyefundisha kutwa nzima ndiye aliyetakiwa awe mzazi wa watoto wengi usiku. Hapo ndipo tulipofahamu kwamba ualimu ni kazi moja na ulezi ni kazi nyingine.

Na ulezi una elimu yake. Chukua kijana mwenye mtindio wa ubongo. Akilishwa naye amelala chali, chakula huingia njia ya pumzi, na wengi hufa kwa homa ya mapafu ambayo jamaa huiita mapenzi ya Mungu kabla hawajauliza kitu. Yapasa akalishwe wima, kichwa kimeinama mbele kidogo, kijiko kidogo kidogo, na baada ya kula abaki ameketi. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili, ama sivyo ngozi huoza mgongoni na nyongani. Mwenye kifafa akianguka hulazwa ubavu, huondolewa vitu vya kumwumiza, wala hatiwi kijiko kinywani. Na dawa zake hazikatwi kwa sababu mwezi mzima hakuanguka. Asiyesema na akapiga kichwa ukutani, mara nyingi ana jambo alisemalo: jino lauma, au kelele zimemzidi, au mtu aliyemzoea hakuja leo. Mlezi mwenye akili huandika katika daftari ni saa ngapi na kulitangulia nini, na baada ya majuma machache daftari humpa jibu ambalo fimbo isingelimpa kamwe.

Kwa kuwa tumeshika habari ya magonjwa ya ubongo, na tu hapa juu ya dhahabu, hatuwezi kupita kimya. Huko Minamata, nchi ya Japani, mwaka 1956 yalijulikana maradhi yaliyoletwa na zebaki ya kiwanda iliyomwagwa baharini ikaingia katika samaki. Mama waliowala walionekana wazima au waliugua kidogo, lakini walizaa watoto wenye ulemavu mzito. Hatusemi kuwa mtoto fulani wa Buhemba amepatwa kwa njia hiyo. Twasema tu kwamba kuchoma zebaki katika jiko la nyumbani, na mja mzito akiwa hapo, ni jambo la kuachwa leo.

Tukirudi kwenye kazi, lipo jambo ambalo sisi walimu wa chuoni hatuna budi kulitaja. Kijana wa miaka 16 asiyejiweza ni mwanamume, na sitara yake ni ile ile ya mwanamume mwengine. Haifai aogeshwe na msichana, wala msichana aogeshwe na mwanamume. Basi kazi hii si ya wanawake peke yao. Vijana wetu wabebao magunia ya mawe mashimoni wana nguvu hasa ya kumwinua mtu mzima kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu, ila nguvu hiyo yataka kufundishwa upole. Wala wasione ni utumishi wa kudharauliwa. Wanahistoria wameandika kwamba Khalifa Walid bin Abdul-Malik, aliyetawala Damascus kutoka mwaka 705 hadi 715, alimwekea kila kiwete mtumishi na kila kipofu kiongozi wa kumshika mkono, kwa gharama ya dola. Kazi hii ilikuwa na mshahara kabla ya nyingi tunazozitukuza.

Mafunzo yapo. Chuo cha Ustawi wa Jamii cha Dar es Salaam kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na hutoa wahitimu wa ngazi mbalimbali. Kisangara, katika wilaya ya Mwanga, hufundishwa walezi wa watoto wadogo. Patandi, huko Arusha, hufundishwa walimu wa watoto wenye mahitaji maalumu. Aliyeishia darasa la saba hataingia moja kwa moja, lakini anaweza kuanza kwa kujitolea katika makao huku akijiendeleza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yataka makao yawe na leseni, nayo yamhesabu mtoto kuwa ni aliye chini ya miaka 18. Hapo pana shida ambayo wenye makao wote waijua: asiyejiweza siku anapotimiza miaka 18 huwa mtu mzima kwa karatasi tu, na mahali pa kumpeleka ni haba. Ndugu zake hupelekewa habari waje wamchukue, na pengine ndugu wenyewe walikuja mara moja tu kwa miaka kumi.

Kijana atakaye kuanza, na aende kwanza kwa Afisa Ustawi wa Jamii katika halmashauri yake. Akishaelekezwa kwenye makao, asione haya kuuliza: Leseni iko wapi? Mkataba ni wa maandishi? Siku ya kupumzika ni ipi? Mtoto akinipiga, nani ataniita tuzungumze? Walezi wangapi hulala humu, na watoto wangapi? Mzazi wake naye aende akaone chumba atakacholala mwanawe, na akae mpaka saa ya chakula cha jioni, maana ni wakati huo watoto wote huwa wamo ndani na kazi huonekana ilivyo.