Meno ya Kukhu

Deki iliyo kwenye meza ya fundi huyu mjini Kitale ina kitufe kimoja kilichozibwa kwa tepu nyeusi ya mafundi wa stima. Ni kitufe cha kusimamisha picha. Nilipomuuliza sababu, hakunijibu. Aliniambia nikae, tuitazame kwanza kanda ya senge, shangazi yangu.

Nilikuwa nimeitoa Bungoma asubuhi hiyo ikiwa imeviringwa kwenye leso. Nilipitia Webuye, Misikhu na Kamukuywa nikiwa nimeipakata, maana matatu ilijaa na sikutaka kuiweka chini ya kiti. Ni kanda ya sikhebo ya binamu yangu, tohara ya Agosti katika mwaka mmoja shufwa wa miaka ya tisini. Binti za senge wanaoishi Nairobi walikuwa wamenunua runinga kubwa na wakataka kanda hiyo ‘iwe HD’ ili itazamwe na jamaa wote siku ya kumkumbuka kukhu, nyanya yetu. Kazi niliyotumwa ilikuwa ndogo: kuuliza bei na kurudi.

Tulitazama. Binamu yangu alionekana akirudi kutoka kwa khocha, nyama aliyopewa na mjomba huyo ikining'inia shingoni, chinyimba, kengele za mtahiriwa, zikilia mikononi mwake. Umati ulikuwa ukimfuata kwa nyimbo na matawi. Kisha kukhu akaingia kwenye picha kutoka upande wa kushoto, mikono juu, akicheza kinyumenyume mbele ya mjukuu wake, akacheka. Hapo hapo picha ikararuka. Mistari myeupe ikapita usoni pake, chengachenga zikajaa, rangi zikatoroka. Baada ya sekunde chache picha ikatulia tena, safi kama awali, lakini kukhu alikuwa amekwisha geuka.

“Hapa ndipo mlipokuwa mkisimamisha,” fundi alisema.

Hakuwa akiuliza. Na alikuwa amesema kweli. Kukhu alipofariki, hatukuwa na picha yake nyingine inayotembea. Kila mgeni aliyefika kwa senge alionyeshwa kanda, na kila ilipofika pale anapocheka, senge alibonyeza rimoti. “Mwoneni,” alikuwa akisema, halafu chumba chote kinanyamaza. Wakati mwingine chai iliandaliwa, ikanywewa, na kukhu bado anatetemeka kwenye skrini, mikono juu.

Ndipo fundi akanieleza habari ya kile kitufe, akiinua kifuniko cha deki nyingine mbovu ili nione. Ndani mna ngoma ndogo ya chuma inayong'aa, upana wake milimita 62, na kwenye ukingo wake vimo vichwa vidogo vinavyosoma picha. Katika mfumo wa PAL tuliotumia Kenya, ngoma hiyo huzunguka mara 1,500 kwa dakika. Kanda yenyewe hutembea polepole, zaidi kidogo ya sentimita mbili kwa sekunde, na kwa kuwa inasogea, kila kichwa kinapita mahali papya. Ukisimamisha picha, kanda inasimama lakini ngoma haisimami. Vichwa vinaendelea kusugua mahali pale pale. Dakika tano za chai ni mizunguko 7,500 juu ya kipande kilekile cha plastiki, na picha yenyewe si kitu ila vumbi la sumaku lililogandishwa juu ya plastiki hiyo.

Alinionyesha kwa ncha ya bisibisi namna vumbi hilo linavyobanduka na kushika kwenye vichwa, kisha vichwa vikalipeleka mbele na kukwaruza sehemu nyingine. Deki nyingi, alisema, ziliundwa zijiondoe zenyewe katika hali hiyo baada ya dakika chache, kwa sababu waliozitengeneza walijua madhara yake. Lakini mtu aliyefiwa hubonyeza tena.

“Mimi sihitaji kuambiwa nani alikufa katika familia,” alisema. “Naangalia kanda imechanika wapi.”

Kuna kanda za harusi zilizo safi mwanzo hadi mwisho isipokuwa pale baba wa bibi harusi anaposimama kutoa baraka. Kuna moja aliyoletewa na mteja ambamo mtoto anavuka ua akimfukuza kuku. Ni tukio la sekunde tatu, na kwa sekunde hizo tatu hakuonekani karibu chochote. Hakumuuliza mwenye kanda habari za mtoto huyo. Alifanya kazi yake, akamrudishia.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaza jambo hili na halinitoki: kwamba tulimfuta kukhu kwa kumtazama.

Nilirudi kwenye swali nililotumwa. Je, tuipandishe iwe HD? Fundi alichukua kalamu. Picha kamili ya HD ina nukta 1,920 kwa 1,080, yaani zaidi ya milioni mbili. Kanda ya VHS ikihamishwa vizuri kwenye kompyuta huwekwa katika nukta 720 kwa 576, nazo ni 414,720. Gawanya, utapata tano. Kwa hiyo kati ya kila nukta tano za HD, nne zitakuwa za kompyuta, na hata ile moja iliyobaki si yote ya kanda, kwa kuwa VHS haikuwahi kushika umbo la vitu kwa undani huo.

Ushauri wake kwa wateja ni uleule. Kwanza kanda ichezwe mara moja tu, baada ya kukaguliwa kama ina ukungu, kwa maana Kitale ina mvua nyingi na makabati yetu hayana hewa. Kanda yenye ukungu ikiingia kwenye deki huichafua deki, na deki nayo huambukiza kanda inayofuata. Picha ihamishwe jinsi ilivyo, bila kupambwa, hata kama faili ni kubwa. Saa moja katika mfumo wa DV ni kama GB 13. Nakala mbili zitengenezwe, zikae nyumba mbili. Hapo ndipo mtu anaweza kutengeneza nakala ya simu, na akitaka, ya HD. Kanda yenyewe isitupwe.

Anaharakisha watu kwa sababu nyingine pia. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo Julai 2016. Vichwa anavyotumia leo vinatoka kwenye deki zilizokufa. Ana rafu nzima ya maiti hizo, na kila mwaka rafu inapungua. Kanda zinaweza kudumu kuliko mashine za kuzisoma.

Nilimuuliza kama yeye mwenyewe ana kanda alizohifadhi. Alinyamaza kidogo. Alikuwa mpiga picha wa studio kabla ya kuwa fundi. Septemba 2003, Kitale ilipomzika Makamu wa Rais Michael Wamalwa Kijana, alisimama kando ya barabara na kamera ya MiniDV akarekodi nyuso za watu, akina mama wakilia, wanafunzi waliovua viatu. Hakuna aliyekuwa amemlipa. Wiki chache baadaye akapata kazi ya harusi, kanda mpya hakuwa nazo, akairekodi juu yake. “Harusi yenyewe nasikia ilivunjika,” alisema, na hakuongeza neno.

Kisha akanionyesha kile ambacho binti za senge walikuwa wakikitaka. Kwenye kompyuta yake ana programu ya akili mnemba inayosafisha sura za watu kwenye picha mbovu. Alichagua dakika ile ya kukhu, sekunde moja kabla ya kuraruka, akaiachia mashine ifanye kazi tukiwa tunakula mahindi ya kuchoma. Tuliporudi, kukhu alikuwa anatutazama. Nywele zilionekana, mshono wa gauni ulionekana, macho yalikuwa na nuru ndani. Nilisisimka mwili.

Halafu nikaona meno. Kukhu alikuwa wa kizazi kilichong'olewa meno ya mbele ya chini, kama ilivyokuwa desturi ya Wabukusu wa zamani. Pengo lile lilikuwa sehemu ya kicheko chake na ya namna alivyotamka majina yetu. Kwenye kanda lilikuwa kivuli tu, doa jeusi la nukta chache. Mashine haikulielewa doa hilo. Imefundishwa kwa maelfu ya nyuso za watu wengine, na nyuso hizo zilikuwa na meno. Ikamjazia kinywa: meno meupe, yaliyopangana, ya mtu tusiyemjua.

“Haidanganyi kwa makusudi,” fundi alisema. “Inakisia. Lakini ikikisia haikuambii kwamba imekisia.” Ndiyo maana kila faili ya namna hiyo anaiandika jina lenye neno ‘imeongezwa’, ili mjukuu atakayeifungua miaka 30 ijayo ajue. Wateja wengine hulifuta neno hilo kabla hawajafika nyumbani.

Nilimuuliza pia kuhusu mwisho wa kanda, ile alfajiri ya mtoni, mtahiriwa akiwa uchi na amepakwa matope. Katika chengachenga za VHS alikuwa kijana yeyote. Katika HD atakuwa binamu yangu, ambaye leo ni baba wa watoto wanne, kwenye simu za watu asiowajua. Fundi alisema hilo si la kwake kuamua. Nami sijui ni la nani. Binamu hakuulizwa siku kamera ilipowashwa, na bado hatujamuuliza.

Nilirudi Bungoma na flashi mbili. Senge alitazama ile ya HD kwanza, miwani puani. Binti zake walikuwa kwenye simu ya video wakishangilia. Mmoja alikuwa tayari ameiweka sura hiyo kwenye wasifu wake wa WhatsApp. Senge hakusema ni mbaya. Aliuliza tu kama ile nyingine ipo.

Tulipoiweka hiyo nyingine, nilikumbuka jambo ambalo fundi alinieleza nikiwa nimesimama mlangoni. Katika kanda za kamera kama ile, sauti haikai mahali picha inapokaa. Hupita kwenye mstari mwembamba pembeni mwa kanda, na husomwa na kichwa kingine kisichozunguka. Miaka yote tuliyosimamisha picha, mstari ule haukusuguliwa. Kwa sababu hiyo, anapoletewa kanda za kumuse, zile hotuba za matanga za wazee kama Manguliechi, hafikirii HD hata kidogo. Anavaa spika za masikioni na kuishughulikia sauti.

Kukhu akaingia kutoka kushoto. Picha ikararuka palepale, mistari ikamfunika uso. Na katikati ya mistari hiyo vigelegele vyake vikatoka vizima, vikafuatwa na jina la binamu yangu, likitamkwa na kinywa kisicho na meno ya mbele. Mkono wa senge ulitafuta rimoti kwa mazoea. Kisha akaiweka chini, picha ikaendelea.

Wiki ijayo familia itakutana. Wasichana wanataka HD. Watoto wao, ambao hawakumwona kukhu hata siku moja, watamjua kwa sura hiyo itakayowekwa ukutani. Senge bado hajawaambia anachotaka.