Jicho vivu likishaamka, macho mawili yafundishwe kushirikiana

Mdako unadai mambo mawili kwa mpigo: mkono uchote kete shimoni, na macho yajue jiwe lililorushwa liko umbali gani kabla halijadondoka. Mtoto anayelikosa jiwe kila mara, au anayemwaga maji akimimina kikombeni, huitwa mzembe. Katika viwanja vya shule vya Dutwa, mkoani Simiyu, kama kwingineko, wapo wachache ambao tatizo lao si uzembe. Jicho lao moja limeachwa nje ya kazi, na wao wenyewe hawajui, maana hawajawahi kuona kwa namna nyingine.

Hilo ndilo jicho vivu. Mara nyingi jicho lenyewe ni zima. Tatizo liko kwenye ubongo. Kwa mtu mzima mboni mbili zimeachana kwa takribani sentimita 6, hivyo kila jicho hupeleka picha iliyotofautiana kidogo na ya mwenzake. Ubongo huzilinganisha, na kutokana na tofauti hiyo ndogo hujua kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Uwezo huo hujitokeza mapema, mtoto akiwa na miezi 3 hadi 5. Lakini jicho moja likihitaji miwani zaidi ya la pili, au macho yakiwa na makengeza, au mtoto wa jicho akizuia mwanga, ubongo hushika picha iliyo safi na kuipuuza nyingine. David Hubel na Torsten Wiesel waliliona hili miaka ya 1960 walipofunga kope za jicho moja la paka wachanga. Jicho lilipofunguliwa baadaye, sehemu ya ubongo inayohusika na kuona ilikuwa karibu yote inalisikiliza jicho la pili. Mwaka 1981 walipewa Tuzo ya Nobel.

Tiba ina zamu zake. Kwanza huondolewa kizuizi: miwani sahihi ivaliwe kutwa, au mtoto wa jicho afanyiwe upasuaji. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2006, kwa watoto ambao macho yao yalitofautiana mahitaji ya miwani, ulionyesha zaidi ya robo walipona kwa miwani tu. Waliobaki hufunikwa jicho linaloona vizuri kwa kiraka ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Mwaka 2003 ilionekana kwamba, kwa udhaifu wa wastani, kiraka cha muda wa saa 2 kwa siku kilifaa sawa na cha saa 6. Saa hizo mbili zinaweza kupatikana nyumbani baada ya shule, mbali na watani. Daktari aendelee kumpima, kwa sababu kiraka kikizidi huweza kulidhoofisha jicho linalofunikwa.

Wengi huishia hapo. Kiraka, hata hivyo, hufundisha jicho moja likiwa peke yake, na kuona kina, yaani kujua kipi kiko karibu na kipi kiko mbali, ni kazi ya macho mawili kwa pamoja. Mtoto anaweza kusoma chati vizuri kwa kila jicho, kisha akavishwa miwani maalumu na kuonyeshwa picha ya nzi mkubwa. Anayeona kina huinua vidole kubana mabawa hewani. Asiyeona hugusa karatasi.

Zoezi moja linalotumika ni uzi wa Brock, ambao hapa kwenye nchi ya pamba hauwezi kumshinda mtu: uzi mrefu wenye shanga tatu za rangi tofauti, ncha moja imefungwa kwenye kitasa, nyingine imeshikwa puani. Mtoto akiitazama shanga ya kati kwa macho yote mawili, ataona nyuzi mbili zikikatana pale penye shanga. Akiona uzi mmoja tu, ubongo umelizima jicho moja. Zoezi lifanywe kwa maelekezo ya mtaalamu, kwa maana mwenye makengeza akilazimishwa ovyo anaweza kuanza kuona vitu viwili viwili.

Upo pia mchezo wa tableti unaogawa picha, nusu kwa jicho hili na nusu kwa lile. Jaribio kubwa la mwaka 2016 halikuona ukizidi kiraka cha saa 2. Mzazi asiuze mbuzi kwa ajili ya tableti. Ni kweli kwamba Susan Barry, profesa wa Marekani mwenye makengeza tangu uchanga, alianza kuona kina akiwa na miaka 48 baada ya mazoezi, lakini macho yake yote mawili yalikuwa yanaona vizuri.

Kwa Dutwa, naona kazi ianzie kwa mwalimu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 kutoka shule za vijijini mkoani Mwanza, kabla sehemu ya mkoa huo haijaingizwa Simiyu mwaka 2012, uliwapa walimu chati ya herufi E. Waliwabaini takribani 80 kati ya kila watoto 100 wenye uoni hafifu wa macho yote mawili. Chati ikae mita 6, kila jicho lipimwe peke yake, na mtoto asichungulie kiganjani. Anayeshindwa apelekwe hospitalini Bariadi, na ikibidi Bugando jijini Mwanza. Mwenye umri wa miaka 7 hadi 12 bado anaweza kunufaika, ingawa chini ya hapo ni rahisi zaidi. Mboni ikionekana nyeupe, hasa kwenye picha iliyopigwa kwa mwanga wa simu, asisubiri foleni ya kupimwa shuleni: apelekwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa inaweza kuwa saratani ya jicho.