Maneno mengi, mazombi wachache

Kwa mwandishi wa tamthilia, zombi ni adui mwenye upungufu mkubwa: hana nia. Hachukii, haoni wivu, hahongeki wala hatishiki, na ya jana hayakumbuki. Anaifuata sauti, anauma, basi. Katika filamu ya dakika 90 upungufu huo hauna madhara, maana hofu peke yake inatosha kumfikisha mtazamaji mwisho. Tamthilia ya televisheni ina hesabu nyingine. Inatakiwa kujaza saa kumi, ishirini, pengine zaidi ya mia, na hata vichwa vipasuliwe vingapi, haviwezi kuubeba muda wote huo. Hapo ndipo waandishi wanapowageukia walio hai: ndugu wanaogombana, marafiki wanaosalitiana, viongozi wanaolewa madaraka. Na hapo ndipo manung'uniko yanapoanza, kwamba hii ilitangazwa kuwa hadithi ya mazombi, sasa mbona watu wamekaa barazani wanazungumza?

Manung'uniko hayo yanasahau kwamba hadithi hizi zilianza na ugomvi. Katika Night of the Living Dead, filamu ya mwaka 1968 ambayo George Romero aliipiga Pennsylvania kwa bajeti ndogo sana, wafu wako nje ya nyumba kwa muda mrefu. Ndani, wanaume wawili, Ben na Harry Cooper, wanabishana iwapo watu wajifungie chini ya nyumba au wabaki juu karibu na milango. Wafu wanasukuma mbao za madirishani, lakini kinachowaangamiza waliomo ni kutosikilizana kwao. Romero hakuwa na fedha za kuonyesha mji mzima ukianguka, kwa hiyo alionyesha sebule moja ikianguka. Ukata wa aina hiyo umeendelea kuziumba tamthilia za mazombi hadi leo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni The Walking Dead, iliyoanza kurushwa na kituo cha AMC cha Marekani tarehe 31 Oktoba 2010, ikitokana na vitabu vya katuni vya Robert Kirkman vilivyokuwa vikitoka tangu 2003. Muasisi wake wa televisheni, Frank Darabont, alitoka kwenye sinema, na sehemu ya kwanza inaonyesha: polisi Rick Grimes anaingia Atlanta juu ya farasi, barabara imejaa wafu, farasi anararuliwa, yeye anajificha ndani ya kifaru cha jeshi. Msimu huo wa kwanza ulikuwa na sehemu 6 tu. AMC, iliyokuwa imejijengea jina kwa tamthilia za mazungumzo mazito kama Mad Men na Breaking Bad, ilipoona watazamaji zaidi ya milioni 5 wa sehemu ya kwanza, iliagiza msimu wa pili wenye sehemu 13. Darabont aliondolewa kazini katikati ya mwaka 2011, na katika kesi aliyokuja kuifungua dhidi ya kituo hicho kuhusu mgao wa faida alidai kuwa bajeti ya kila sehemu ilikatwa wakati idadi ya sehemu ikiongezwa. Kesi hiyo ilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2021, kwa malipo ya dola milioni 200.

Fedha zinaeleza mengi ambayo mashabiki huyahesabu kuwa ni uvivu wa waandishi. Kundi la mazombi ni kazi ya mikono. Timu ya upodozi ya Greg Nicotero iliwapanga waigizaji kwa umbali: wa mbele kabisa, watakaoonwa na kamera kwa karibu, wanakaa kitini muda mrefu wakibandikwa majeraha, wa katikati wanapakwa rangi, wa nyuma kabisa wanavaa vinyago tu. Ongeza damu bandia, mastanti, bunduki na magari ya kubomolewa, na yote hayo yarekodiwe ndani ya siku chache zilizotengewa sehemu moja. Waigizaji wawili wanaozungumza chini ya mti wanamalizwa asubuhi moja. Kwa hiyo mtayarishaji anayetaka vita kubwa mwishoni mwa msimu huanza kubana matumizi tangu sehemu ya tatu au ya nne, na kubana huko kwenye skrini kunaitwa maongezi.

Msimu huo wa pili, uliochezwa karibu wote kwenye shamba la mzee Hershel, ndio unaotajwa kila mara mtu anapotaka kuthibitisha kwamba tamthilia ilipoa. Shutuma hiyo ina haki nusu. Mgogoro wa Rick, mkewe Lori na rafiki yao Shane unarudi pale pale sehemu baada ya sehemu kama kesi inayoahirishwa kila inapotajwa, na wenzao Dale na Andrea wanarudia ugomvi wao wa bunduki hadi mtazamaji anawajibia. Kosa si kwamba wanazungumza. Kosa ni kwamba wakimaliza kuzungumza hakuna aliyehama alipokuwa amesimama.

Nusu ya pili ya ukweli iko kwenye banda la shamba hilo. Tangu mwanzo wa msimu kundi la Rick linamtafuta Sophia, mtoto aliyepotea msituni baada ya kundi la wafu kupita barabara kuu huku watu wamelala kimya chini ya magari. Hershel naye anaamini wafu ni wagonjwa watakaopona, na amewafungia bandani jamaa na majirani zake, mkewe akiwemo. Katika sehemu ya saba, iliyorushwa Novemba 2011, Shane anavunja mlango. Wanatoka mmoja mmoja, wanapigwa risasi mmoja mmoja, na wa mwisho kutoka ni Sophia. Kwa vurumai, tukio hilo ni dogo: hakuna aliye hatarini, ufyatuaji ni kama wa mazoezi. Uzito wake wote umelimbikizwa na wiki sita za maneno: matumaini ya mama, imani ya Hershel, ubishi wa Shane kwamba mtoto hayuko hai, ahadi ya Rick. Yaondoe maneno hayo, kinachobaki ni mauaji ya wafu mbele ya banda, jambo ambalo tamthilia hiyo ilikwisha kulionyesha vizuri zaidi Atlanta.

Kifo cha Dale katika msimu huo huo kinafundisha zaidi, ingawa hutajwa mara chache. Mvulana Carl anamkuta zombi amekwama kwenye matope, anamchokoza kwa mawe, zombi anachomoka, Carl anakimbia na kunyamaza. Usiku huo Dale, ambaye ametoka kuwasihi wenzake mchana kutwa wasimuue mateka kijana, anatembea peke yake malishoni na kukutana na zombi yule yule. Zombi mmoja tu. Kijana aliyeombewa uhai hakuuawa siku hiyo. Aliyemwombea amekufa, na mtoto anajua ni kwa sababu gani. Hapo hakuna anayeweza kusema wapi tamthilia ya wahusika imeishia na wapi mapambano yameanza.

Glen Mazzara, aliyeshika usukani baada ya Darabont, aliongeza kasi, na msimu wa tatu, wa gereza na adui aitwaye Gavana, ukawapa wapenda vurumai walichokuwa wakikidai. Scott Gimple, aliyemfuata, alijua kupunguza tena. Sehemu iitwayo The Grove, ya Machi 2014, ina nyumba moja, watu wazima wawili, watoto wachache na mazombi wasiozidi mahitaji. Msichana Lizzie, anayewaona wafu kuwa marafiki, anamuua mdogo wake ili arudi akiwa mfu, na Carol, mmoja wa watu wazima hao, analazimika kuamua la kumfanya. Ni miongoni mwa saa bora kabisa za tamthilia yote. Oktoba mwaka huo msimu wa tano ulifunguliwa na watazamaji milioni 17.3.

Kilichofuata kilionyesha kwamba hata umwagaji damu unaweza kuchosha, na kwa haraka kuliko mazungumzo. Msimu wa sita uliishia Aprili 2016 pale adui aitwaye Negan akimpiga mtu kwa rungu bila mtazamaji kuonyeshwa ni nani. Jibu likafichwa hadi Oktoba. Lilipotoka, wahusika wawili waliopendwa, Abraham na Glenn, waliuawa kwa ukatili uliooneshwa taratibu. Watazamaji wapatao milioni 17 walikuja kuona, kisha wakaanza kupungua msimu mzima. Si haki kuibebesha sehemu moja lawama zote, kwani televisheni ya kebo ilikuwa ikipoteza watu kwenda intaneti. Lakini kifo kilichogeuzwa kitendawili cha miezi sita kilikuwa kimeacha kuwa jambo baina ya wahusika. Kilikuwa mchezo baina ya kituo na watazamaji wake. Tamthilia ilifungwa Novemba 2022 baada ya sehemu 177, ikiwa na watazamaji wa moja kwa moja wasiofika milioni 3.

Upande wa pili wa mizani iko Black Summer ya Netflix, ya mwaka 2019. Hapa mazombi wanakimbia, kamera inakimbia nao, na maelezo karibu hayapo. Mama anayeitwa Rose ametenganishwa na binti yake wakati wa kuhamishwa, anataka kumfikia, na hiyo ndiyo hadithi nzima. Baadhi ya sehemu ni fupi sana, za dakika ishirini na kitu. Moja inamfuata Lance, mtu asiye na ushujaa wowote, akikimbizwa mitaani na zombi mmoja asiyechoka, karibu bila neno. Ni rahisi kuiita tamthilia ya mapambano matupu, lakini tabia za watu zimo tele: nani anamfungia nani mlango, nani anageuka nyuma, nani anajifanya hakusikia. Wahusika wake wanajulikana kwa matendo. Gharama yake ni kwamba wanapokufa mtazamaji hushtuka zaidi kuliko kuhuzunika. Kwa sehemu 8 za msimu mmoja inatosha. Kwa msimu mmoja wa sehemu 16 isingetosha.

Waliofunga fundo hili la wahusika na mapambano vizuri kuliko wote ni Wakorea. Kingdom, iliyoandikwa na Kim Eun-hee na kutoka 2019, imewekwa katika enzi ya Joseon. Mfalme amekufa, lakini ukoo wa Cho unamhitaji awe hai hadi malkia, binti wa ukoo huo, ajifungue mrithi. Kwa hiyo mganga anamfufua kwa mmea wa porini. Ugonjwa unafika kwa wananchi kupitia njaa: wagonjwa wa zahanati moja ya maskini wanapikiwa mchuzi wa nyama wasiyoijua asili yake, nayo ni ya maiti ya kijana aliyeumwa na mfalme. Kila shambulio baada ya hapo lina chanzo katika mpangilio wa jamii. Maofisa wa mji wa Dongnae wanapanda meli pekee na kuwaacha raia ufukweni. Ndani ya meli hiyo mama wa kikabaila ameificha sandukuni maiti ya mwanawe, kwa kuwa hakubali mwili huo uchomwe, na kilichomo sandukuni kinaamka usiku. Mtazamaji anayetaka mbio na mapanga anazipata, tena kwa wingi. Ila hawezi kuzifurahia bila kupokea siasa zake, kwa sababu ndizo zilizofungua sanduku. All of Us Are Dead ya 2022, ya wanafunzi waliokwama shuleni, inatumia ufundi huo kwa kiwango kidogo: virusi vimetengenezwa na mwalimu wa sayansi ambaye mwanawe alionewa na wenzake, na kifo kimoja kinasababishwa makusudi na msichana anayemdharau mwenzake kwa umaskini wake. Imerefuka kupita kiasi, na katikati wanafunzi wanazunguka darasa hadi darasa bila jipya.

The Last of Us ya HBO iliamsha ubishi wote upya Januari 2023. Imetokana na mchezo wa kompyuta wa 2013, ambamo mchezaji anaua walioambukizwa kila baada ya muda mfupi. Craig Mazin na Neil Druckmann waliwapunguza sana. Sehemu ya tatu, ndefu kuliko saa moja, inawaacha wahusika wakuu, Joel na Ellie, kwa kiasi kikubwa na kusimulia miaka mingi ya mapenzi ya wanaume wawili, Bill na Frank, wanaozeeka ndani ya uzio. Wengine waliilalamikia kwamba imesimamisha safari, na ni kweli imeisimamisha. Lakini inamwachia Joel barua inayomkabidhi wajibu wa kulinda mtu, na sehemu zote zinazofuata zinaulipa wajibu huo. Katika msimu wa pili, Aprili 2025, watayarishaji walijibu kwa namna nyingine: mji wa Jackson unavamiwa na kundi kubwa katika sehemu ile ile ambayo Joel anauawa na msichana aitwaye Abby, mbali na kuta za mji huo. Uvamizi ulimeza fedha nyingi na umetengenezwa kwa ustadi mkubwa. Kilichozungumzwa kesho yake ni chumba kimoja chenye watu wachache.

Njia iliyopitwa na wengi ni kumpa zombi mwenyewe nafsi. BBC Three ilijaribu mwaka 2013 kwa In the Flesh ya Dominic Mitchell. Vita dhidi ya wafu imekwisha, dawa imepatikana, na kijana Kieren anarudishwa kijijini kwa wazazi wake akiwa amepakwa vipodozi na kuwekewa lenzi za macho ili asitishe majirani, huku akikumbuka aliyoyafanya alipokuwa hana akili. Mapambano yamegeuka kumbukumbu, na adui amepata dhamira. Ilishinda tuzo ya BAFTA mwaka 2014, ikafanyiwa misimu miwili yenye sehemu 9 kwa jumla, kisha ikasitishwa.