Ukungu wa Bafuni Kabla ya Rangi

Mwezi wa Shaabani ufikapo, nyumba nyingi hutiwa rangi kuipokea Ramadhani, na bafu halisahauliwi. Walakini twaona watu wakipaka rangi juu ya ukungu mweusi, kana kwamba kuufunika ndiko kuuondoa. Mfungo haujaisha, madoa yamekwisha rudi, na mwenye pumu akohoa usiku kucha.

Ukungu ni kiumbe hai, wala hauishi pasipo unyevu. Basi kwanza patafutwe yatokapo maji: bomba livujalo, au dirisha lisilofunguliwa. Kisha ukuta usuguliwe kwa maji ya sabuni, dirisha wazi, pua na mdomo vimefunikwa. Kuukwangua mkavu hurusha vumbi lake. Atakaye kutumia dawa ya klorini aizimue kwa maji, wala asiichanganye kamwe na siki, wala amonia, wala dawa nyingine ya choo, kwani hutoka mvuke wa sumu uwezao kuua. Mama zetu wapendao kuchanganya dawa mbili ili zipate nguvu, hili twawaomba sana walishike.

Ukuta uachwe ukauke kabisa, hata ikiwa ni siku kadhaa. Na katika nyumba za mawe za mwambao, chokaa ni bora kuliko rangi ya mafuta, ambayo hufungia maji ndani.